Ofika na Damu ya Ndugu

Mtu wa Yahuma akishuka upande wa Opala, anaingia kwa majirani zetu Wambole. Kule ndiko ilitoka ile sanamu ya mti inayoitwa ofika: uso umepakwa udongo mweupe, mabega yameshuka, magoti yamekunjwa kidogo, miguu inaning'inia. Leo sanamu hizi ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Wengi wanaozitazama hawajui kwamba ni mfano wa mtu aliyenyongwa.

Ofika ilikuwa mali ya lilwa, chama cha jando cha Wambole. Daniel Biebuyck, Mbeleji aliyechunguza sana mila za msitu wetu, alieleza kwamba sanamu ilikumbusha mtu aliyehukumiwa kwa kuvunja sheria ya lilwa: kuua, kuzini, ao kutoa siri za chama. Vijana walionyeshwa ofika ili waogope. Kumbe haikuwa pambo, ilikuwa kitabu cha sheria cha watu wasioandika.

Lakini tusisifu mno. Sheria ile yenyewe ilikuwa inaua, na mnyonge hakuwa na pa kukimbilia. Tunachotafuta hapa si kamba. Tunauliza hivi: ni nini kinamfanya mtu amuue mwenzake, ao ajiue mwenyewe?

Mwaka 1897 Mfaransa Émile Durkheim aliandika kwamba kujiua si jambo la kichwa cha mtu mmoja tu. Kunaongezeka pale vifungo vya jamaa vinapolegea, ao vinapomkaza mtu kupita kiasi. Mwaka 1960 Paul Bohannan alikusanya katika kitabu kimoja uchunguzi juu ya kuua na kujiua kati ya makabila ya Uganda, Kenya na Nijeria. Likaonekana jambo la kuumiza: muuaji mara nyingi si mgeni. Ni mume, ni ndugu, ni jirani wa kunywa pombe pamoja. Kwa Wasoga, mwanamke alivutwa huku na ukoo wake, huku na nyumba ya mume, na wake wengi waliuawa na waume zao.

Hayo yanatuhusu. Februari 2023, katika komine ya Lubunga, ng'ambo ya mto, Wambole na Walengola walianza kuuana juu ya udongo wa shamba kubwa la kampuni. Mamia walikufa, maelfu wakakimbilia Kisangani. Hawa walikuwa majirani.

Wazee walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini leo ugomvi ni juu ya pahali penyewe pa kulima. Kijana asiye na shamba wala kazi, ambaye udongo wake umetiwa sahihi na wengine, nani atamzuia?

Na yule anayejiua? Huyo tunamnyamazia. Familia inaona haya, hakuna anayeuliza alibeba mzigo gani: deni, ndoa, ao kusingiziwa uchawi.

Basi, kila kijiji kiwe na baraza la kusikiliza mapema mambo ya udongo na ya ndoa, wanawake na vijana wakae ndani. Ukiona jirani ameanza kujitenga, mwendee, muulize, usingoje kilio. Wazee walichonga sura ya mfu ili walio hai waione. Sisi tuna kalamu na redio, na bado tunanyamaza.