Kutoka Kuswaga Nyumbu Hadi Kupima Galaksi

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, kijana mmoja wa kikundi chetu aliacha kuja. Ndiye alikuwa anatuonyesha nyota usiku, taa zikizimika. Nilipomfuata kwao akaniambia, "Kaka, hesabu nimepata D. Hayo mambo ya nyota yaishe tu." Sikuwa na jibu, maana hata mimi hesabu ilinitoa jasho. Nikaenda kutafuta kwenye historia.

Nilikutana na Milton Humason, Mmarekani aliyezaliwa 1891. Akiwa na miaka 14 alienda kupiga kambi Mount Wilson, California. Aliupenda ule mlima mpaka akawaomba wazazi apumzike shule mwaka mmoja. Darasani hakurudi tena. Alifanya vibarua kwenye hoteli ya mlimani, kisha akawa anaswaga nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, wakipandisha vifaa vya kujengea kituo cha kutazamia nyota. Mwaka 1917 kituo kikamwajiri. Kazi? Kufagia.

Pale palikuwa na darubini mpya yenye kioo cha mita 2.5, kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Humason akajitolea kusaidia usiku. Akajifunza kuilenga, kuishikilia isipoteze nyota, na kupiga picha. Mkuu wa kituo, George Ellery Hale, akauona ustadi wake akamwingiza kati ya watumishi wa sayansi, ingawa hakuwa hata na cheti cha sekondari.

Sasa kazi yenyewe. Edwin Hubble alitafuta umbali wa galaksi, Humason akapima kasi zake. Mwanga wa galaksi ukipitishwa kwenye kifaa hutawanyika rangi kama upinde wa mvua, na ndani yake kuna mistari. Mistari ikisogea upande wa nyekundu, galaksi inatukimbia. Shida ni kwamba mwanga huo ni hafifu mno. Picha moja iliweza kudai usiku kadhaa, mtu yuko kwenye baridi na jicho halibanduki. Mwaka 1929 alitangaza galaksi inayokimbia karibu kilomita 3,800 kila sekunde. Mwaka huohuo Hubble akaonyesha kwamba galaksi zikiwa mbali zaidi, ndivyo zinavyokimbia zaidi. Leo tunasema ulimwengu unapanuka. Humason aliendelea mpaka akapima galaksi zaidi ya 600, na mwaka 1950 Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, kikampa udaktari wa heshima.

Lakini nisidanganye vijana. Humason alikuwa na mtu ndani: baba mkwe wake alikuwa fundi mitambo palepale kituoni. Siku hizi chuo hakimpokei mtu wa fizikia kupitia ufagio, hesabu inaulizwa mlangoni. Na sisi wakimbizi tunaulizwa karatasi nyingine juu ya hiyo. Kwa hiyo sikumwambia kijana aachane na hesabu. Nilimwambia kazi ya nyota inataka watu wengi: wa kupiga hesabu, wa kutengeneza vifaa, wa kukesha. Yeye kukesha anajua tayari. Hesabu tutaitafuta.

Tumeanza Jumamosi, pamoja na dada mmoja wa kidato cha tatu anayetufundisha. Saa kumi jioni tunapiga hesabu za sehemu na desimali. Giza likiingia, yeye ndiye mwalimu wetu.