Kioo, Taa na Wembe: Upimaji wa Vioo vya Darubini

Historia ya darubini ya kioo husimuliwa mara nyingi kama historia ya wanafalaki na mambo waliyoyaona angani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hiyo ni historia ya upimaji pia. Maana fundi asiyejua kosa lilipo hana budi kubahatisha.

Isaac Newton aliunda darubini ya kwanza ya aina hii mwaka 1668, kwa kioo cha shaba iliyochanganywa na bati. Ugumu wa kazi ulikuwa katika umbo: uso wa kioo uliobonyea kama kipande cha tufe haukusanyi miale yote mahali pamoja, sharti uwe parabola. James Short, fundi mashuhuri wa London, aliyaweza hayo, ila kunga zake alizificha hata alipofariki mwaka 1768. William Herschel, mwanamuziki wa Bath, alianza mwaka 1773 kujisagia vioo nyumbani. Umbu lake Caroline alimlisha kwa mkono ili asikatize kung'arisha. Kioo kimoja, cha upana wa inchi 6 na kidogo, kilimwonyesha sayari ya Uranus tarehe 13 Machi 1781. Hata hivyo, kutazama nyota kulimjulisha fundi kwamba kosa lipo, wala si ukubwa wake.

Léon Foucault wa Paris ndiye aliyeiondoa kazi hii katika kubahatisha. Mwaka 1857 alitumia bilauri iliyopakwa utando wa fedha badala ya madini, na mwaka 1859 akachapisha kwa ukamilifu njia yake ya kupima. Taa hufichwa nyuma ya tundu dogo kwenye kitovu cha tufe la kioo. Miale hurudi karibu na tundu hilo, nayo hukatwa kwa wembe mbele ya jicho. Uso wa tufe hufifia wote kwa pamoja. Uso wa parabola huonyesha vivuli. Chukua kioo cha upana wa milimita 150 chenye kitovu umbali wa milimita 2,400. Tofauti ya kina baina ya tufe na parabola haifiki sehemu 3 za elfu kumi za milimita. Lakini wembe husogezwa zaidi ya milimita 2 kati ya miale ya katikati na ya ukingoni. Jambo lisiloonekana likapimika kwa rula.

Matokeo yake yalidhihirika Springfield, Vermont, nchini Marekani. Mwaka 1920 Russell W. Porter alianza kuwafundisha wafanyakazi wa viwanda kusaga na kupima vioo vyao; na tangu mwaka 1925 jarida la Scientific American likaeneza mafunzo hayo. Kunga aliyozikwa nayo Short ikawa somo la jioni kwa mtu yeyote mwenye taa, wembe na subira.