Swali Lililoulizwa Arusha: Navi Pillay na Akina Mama wa Taba

Ukiitaja Arusha, wengi hukumbuka Azimio la 1967. Wengine hukumbuka mikataba ya amani, na wengine watalii wanaokwenda Serengeti. Mimi siku hizi nikiisikia Arusha namkumbuka mwanamke mmoja wa Durban.

Najua kuna mtakaouliza: Navi nani? Haya, tuanzie mwanzo.

Navanethem Pillay alizaliwa Durban mwaka 1941, katika familia ya Wahindi wenye asili ya Kitamil. Baba yake alikuwa dereva wa basi. Watu wa jamii yake walichanga fedha ili binti huyu asome Chuo Kikuu cha Natal. Akamaliza sheria. Kazi akakosa. Kampuni za Wazungu hazikumtaka, kwani angewezaje mtu asiye mweupe kumpa maagizo karani mweupe? Mwaka 1967 akafungua ofisi yake mwenyewe, mwanamke wa kwanza asiye mweupe kufanya hivyo Natal.

Wateja wake wengi walikuwa wapinzani wa ubaguzi wa rangi. Mume wake naye alipokamatwa, Pillay alikwenda mahakamani na kupata amri ya kuwazuia polisi wasimtese. Mwaka 1973 alisaidia kuwapatia wafungwa wa kisiasa wa Robben Island, Mandela akiwa miongoni mwao, haki ya kuonana na mawakili. Alikwenda pia Harvard, ambako mwaka 1988 alipata shahada ya udaktari wa sheria. Mwaka 1992 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Equality Now, shirika la kutetea haki za wanawake.

Kwa miaka yote 28 aliyokuwa wakili, hakuruhusiwa kuingia katika chumba cha jaji, kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1995 Mandela akamteua kukaimu ujaji wa Mahakama Kuu. Chumba cha kwanza cha jaji alichokanyaga kikawa chake mwenyewe!

Hakukaa sana. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukamchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ambayo makao yake yalikuwa pale AICC, Arusha. Katika miaka ya mwanzo, miongoni mwa majaji wote wa mahakama ile, mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Sasa tufike kwenye kesi yenyewe. Mshtakiwa ni Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mwalimu kisha meya wa Taba. Alikamatwa Zambia mwaka 1995, na kesi ikaanza Januari 1997. Majaji watatu: Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden, na Pillay. Katika Taba waliuawa Watutsi wasiopungua 2,000. Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa 12: mauaji ya kimbari, uchochezi, mateso na mengineyo. Ubakaji haukuwemo.

Hebu tulitafakari hilo. Sheria iliyounda mahakama ile mwaka 1994 iliutaja ubakaji waziwazi kuwa uhalifu dhidi ya binadamu. Neno lilikuwepo katika sheria. Katika hati ya mashtaka halikuwepo.

Kisha akapanda kizimbani mama aliyejulikana kama Shahidi J. Katika kueleza jinsi watu wake walivyouawa, akasema binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu wa Interahamwe. Mtu mwingine angeweza kuliacha lipite, maana halikuwemo katika mashtaka. Majaji, Pillay akiwemo, waliendelea kuuliza. Mama akasema alisikia pia kwamba wasichana walikuwa wakibakwa pale pale kwenye ofisi ya meya. Baadaye Shahidi H akaeleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa, na kwamba aliona wengine wakibakwa katika eneo la ofisi ile, mahali walipokuwa wamekimbilia kuomba hifadhi.

Wakati huo huo mashirika ya wanawake yalikuwa yakiishinikiza mahakama irekebishe mashtaka. Juni 1997 mwendesha mashtaka akaongeza makosa matatu, ubakaji ukiwemo. Akina mama wengine wakaja Arusha na kusema.

Hukumu ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998. Akayesu alipatikana na hatia katika makosa 9 kati ya 15, na mwezi uliofuata akapewa kifungo cha maisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mara ya kwanza pia kwa mahakama kama hiyo kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Hoja yao ni rahisi kuielewa. Mauaji ya kimbari ni nia ya kuliangamiza kundi, na mojawapo ya njia zilizotajwa na sheria ni kuwadhuru vibaya watu wa kundi hilo, mwili au akili. Wanawake wa Taba walibakwa kwa sababu walikuwa Watutsi. Basi ubakaji ule ulikuwa silaha ya kulimaliza kundi. Kabla ya hapo, vita ngapi zilipita huku miili ya wanawake ikihesabiwa pamoja na nyara?

Sitaki kumfanya Pillay malaika. Majaji walikuwa watatu, na waliobeba mzigo mzito zaidi ni wale akina mama waliosimama mbele ya wageni na kusimulia. Wala ushindi haukuwa kamili. Katika kesi nyingi zilizofuata, mashtaka ya ubakaji yaliondolewa au yalishindwa kuthibitishwa, mpaka mahakama ilipofungwa mwaka 2015.

Pillay mwenyewe alikuwa rais wa mahakama ile kuanzia 1999 hadi 2003, kisha jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, kisha Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, 2008 hadi 2014. Sisi waandishi tuna sababu nyingine ya kumkumbuka: ndiye aliyeongoza jopo lililowahukumu wakuu wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura mwaka 2003. Mwaka 2007 rufaa ilipunguza vifungo vyao, lakini hawakuachiwa huru.

Nimewahi kuwauliza vijana kadhaa wa Arusha wanakumbuka nini kuhusu mahakama ile. Wakanitajia magari meupe ya UN na kodi za nyumba zilizopanda. Siwalaumu. Nani aliwaambia mengine? Historia hii iliandikwa kwenye jengo wanalopita kila siku, na sisi wenye kalamu hatukuwasimulia.

Ninachojifunza kwa Pillay kama mwandishi ni kitu kidogo. Shahidi anaposema jambo ambalo halimo kwenye karatasi yako, usimrudishe kwenye karatasi. Muulize. Sheria nzuri tunazo nyingi, na vituo vya polisi na mahakama tunavyo. Je, mwanamke anapofika pale, anamkuta mtu wa kumwuliza swali linalofuata?