Hazina za sanaa za Nairobi na jinsi ya kupanga ziara

WATU wengi huagana kukutana nje ya jengo la Nyaraka za Taifa, kando ya Moi Avenue jijini Nairobi, lakini ni wachache mno wanaoingia ndani. Wasimamao pale kuwasubiri wenzao huwa hatua chache tu kutoka kwenye hazina kubwa ya sanaa ya Kiafrika.

Hazina hiyo ilikusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, pamoja na mkewe Sheila. Mkazi anayetaka kuyajua majumba ya sanaa ya jiji lake hana haja ya orodha ndefu. Inatosha aufuate mkusanyo huu, uliogawanyika katika majengo mawili ya katikati ya jiji, kisha atenge siku nyingine kwa Makumbusho ya Taifa.

Nyaraka za Taifa

Jengo hili la mwaka 1906 lilikuwa benki. Ukumbi wa Murumbi uko ghorofa ya chini, na ndani yake mna vinyago, vito, nguo na vifaa vya nyumbani kutoka pande nyingi za Afrika. Kwa kuwa hii ni idara ya serikali, ziara ipangwe siku ya kazi, na mapema. Jumapili haifai.

Nairobi Gallery

Kutoka Nyaraka, mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu kupitia Kenyatta Avenue humfikisha mtu kwenye jengo la mawe la mwaka 1913, karibu na Nyayo House. Enzi za ukoloni, vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa humo. Siku hizi liko chini ya Makumbusho ya Taifa, na vyumba vyake vina sehemu nyingine ya mkusanyo wa Murumbi. Majengo haya mawili yaweza kuzuriwa asubuhi moja.

Kugawanyika huko kuna kisa chake. Katika miaka ya 1970, Murumbi aliiachia serikali nyumba yake ya Muthaiga na mkusanyo wake, akitumaini kwamba ingegeuzwa kuwa taasisi ya taaluma za Kiafrika. Taasisi hiyo haikuanzishwa, na nyumba ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990. Yaliyoipata nyumba hiyo ni onyo kwamba mali ya umma isiyotembelewa na wenyewe hukosa watetezi.

Makumbusho ya Taifa

Makumbusho haya yamekuwa Museum Hill tangu mwaka 1930. Yalifungwa mwaka 2005 kwa ukarabati mkubwa, yakafunguliwa tena mwaka 2008. Mpenzi wa sanaa aanze na michoro ya Joy Adamson, aliyewachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao, kisha aende kwenye maonyesho ya wasanii wa sasa. Maonyesho hayo hubadilishwa mara kwa mara, hivyo aliyefika mwaka jana bado ana sababu ya kurudi. Matatu za kwenda Westlands hupita karibu.

Mambo ya kuzingatia

Raia hutozwa ada ndogo kuliko wageni, hivyo kitambulisho kisisahauliwe. Ada za Makumbusho ya Taifa hulipwa kupitia mfumo wa eCitizen. Ni vyema kupiga simu kwanza kuuliza saa za kufungua, na kama kuna ukumbi uliofungwa kwa matengenezo. Ruhusa ya kupiga picha iombwe mlangoni.

Kosa la kawaida ni kutaka kuona kila kitu kwa siku moja. Baada ya saa moja na nusu macho huchoka, na vinyago vyote huanza kufanana. Heri kuchagua vitu vitano au sita, kuvitazama kwa utulivu, na kurudi mwezi ujao. Mwenye watoto amwachie kila mmoja achague kimoja cha kuwaeleza wenzake.

Anayetaka kuendelea zaidi aweza kutafuta kituo cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake, au taasisi ya sanaa ya kisasa ya NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020.