Jinsi mlinganyo ulivyogeuka maandishi

Tarehe 30 Machi 1977, Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipokea prufu za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake, The Art of Computer Programming. Toleo la 1969 lilipangwa kwa herufi za risasi, kwa mashine ya Monotype, na kurasa zake zilimridhisha. Safari hii mchapishaji alitumia mitambo mipya ya kupiga picha herufi. Kurasa zilimchukiza Knuth hata akaamua kuitafuta dawa mwenyewe.

Hisabati ilikuwa imewatesa wachapaji tangu zamani. Sentensi husonga mbele kwenye mstari wake, lakini mlinganyo hupanda na kushuka: kiasi kikae juu, asili chini, kipeo kidogo begani mwa herufi. Fundi alipachika vipande hivyo kwa vidole, kisha akajaza mapengo kwa vijipande vya chuma. Wachapaji wa Kiingereza waliihesabu kuwa kazi ya adhabu, na bei yake ilikuwa juu kuliko ya maandishi mengine. Mwandishi alikuwa mbali na yote hayo. Kosa aliloliona alilisahihisha pembeni mwa prufu, akairudisha, akasubiri.

Knuth hakuwa wa kwanza kuiita kompyuta isaidie. Mwaka 1975, Brian Kernighan na Lorinda Cherry wa Maabara ya Bell, Marekani, walichapisha maelezo ya programu yao, eqn. Ndani yake mlinganyo uliandikwa karibu kama unavyosomwa kwa sauti, hivyo hata mpiga chapa asiyejua hisabati aliweza kuuingiza.

Knuth alidhani programu yake, TeX, ingemchukua mwaka mmoja wa likizo ya utafiti. Ilimchukua takriban miaka kumi, pamoja na kuchora herufi zenyewe, naye aliitoa bure. Anayetaka x kipeo cha pili anaandika $x^2$; anayetaka a kwa b anaandika $a \over b$. Watu husifu uzuri wa kurasa za TeX, na ni haki yake. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba mlinganyo sasa ni herufi za kawaida, zinazoingia kwenye kibodi yoyote. Maandishi ya namna hiyo yanaweza kutumwa, kunakiliwa na kulinganishwa mstari kwa mstari na mtu aliye bara jingine.

Katikati ya miaka ya 1980, Leslie Lamport aliijengea TeX ngazi ya juu, LaTeX, iliyowafaa sana waandishi wa vitabu. Ndani yake mlinganyo hupewa jina, na kompyuta huupa namba. Tuseme mwandishi wa sura ya pili anachomeka mlinganyo mpya kati ya wa 2.3 na wa 2.4. Zamani mtu angelazimika kupekua kitabu kizima akibadilisha namba, na pale alipopitiwa msomaji angepotezwa. Kwa LaTeX namba zote hujipanga upya, hata zile zilizotajwa katika sura ya tisa na mwenzake ambaye hajui kuwa kuna lililobadilika.

Mavuno yake yalionekana mwaka 2013. Zaidi ya wanahisabati ishirini, waliokusanyika katika Institute for Advanced Study huko Princeton, waliandika kitabu cha Homotopy Type Theory, chenye kurasa zipatazo 600, kwa muda usiofika nusu mwaka. Faili za LaTeX waliziweka mahali pamoja, GitHub, ambako kila badiliko hubaki na kumbukumbu ya aliyelifanya. Kutoka faili zilezile walitoa nakala ya jalada gumu na nyingine za kusomea kwenye skrini, na kitabu kikatolewa bure. Wasomaji nao waliendelea kuleta masahihisho, na kila nakala hubeba alama ya toleo lake, ili aliye nayo ajue imetoka katika hatua ipi ya maandishi.