Kiwanda Kikigeuzwa Hoteli: Nani Anarithi Thamani ya Ardhi?

Ikisiri

Viwanda vya nguo vilivyofungwa katika miji mingi duniani vimegeuzwa kuwa maduka, kumbi za starehe na hoteli. Mjadala kuhusu mabadiliko hayo kwa kawaida hukomea kwenye swali moja: majengo yabomolewe au yahifadhiwe? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni finyu. Kwa kulinganisha Manufaktura ya Łódź, Poland, na ardhi ya viwanda vya nguo vya Mumbai, India, yanaonyesha kwamba suala kuu ni mgawanyo wa thamani inayozaliwa pale matumizi ya ardhi yanapobadilishwa. Mwandishi anahitimisha kwamba haki ya wafanyakazi na ya mji katika thamani hiyo lazima iandikwe kisheria kabla bei ya ardhi haijapanda, na anatoa mapendekezo kwa nchi za Afrika Mashariki.

Utangulizi

Kiwanda kinapofungwa, hubaki ardhi kubwa, mara nyingi katikati ya mji uliokua kwa kukizunguka. Hubaki pia barabara, reli na mabomba ya maji yaliyojengwa kwa ajili yake, pamoja na maelfu ya watu waliokitegemea kwa mshahara, nyumba na matibabu. Miaka kadhaa baadaye mwekezaji huja na michoro ya maduka na hoteli. Serikali hubadilisha matumizi ya ardhi kutoka viwanda hadi biashara, na bei ya kiwanja hupanda mara nyingi kabla hata tofali moja halijaguswa.

Ongezeko hilo la bei ndilo kiini cha makala haya. Limetokana na jasho la wafanyakazi waliokifanya kiwanda kuwa kitovu cha mji, na kodi za wananchi zilizojenga miundombinu. Zaidi ya hapo, limetokana na uamuzi wa mamlaka ya umma ya mipango miji. Mwekezaji huleta mtaji na ujuzi, naye anastahili faida ya mtaji wake. Lakini kumwachia ongezeko lote ni kumpa kilichotengenezwa na wengine.

Łódź: kutoka pamba hadi hoteli

Mwaka 1820, serikali ya Ufalme wa Poland uliokuwa chini ya Urusi ilipoiteua Łódź kuwa mji wa viwanda, wakazi wake hawakufika 1,000. Kufikia Vita Kuu ya Kwanza walikuwa takribani nusu milioni. Mji huo uliumbwa na pamba, na miongoni mwa waliotajirika zaidi alikuwa Izrael Poznański (1833–1900), mfanyabiashara wa Kiyahudi aliyeanza kujenga himaya yake kando ya mtaa wa Ogrodowa katika miaka ya 1870. Kiwanda cha kusokota nyuzi, kilichobuniwa na msanifu Hilary Majewski, kilikuwa jengo la ghorofa la matofali mekundu yasiyopigwa plasta. Kando yake Poznański alijenga kasri, na ng'ambo ya mtaa akajenga nyumba za kupanga za wafanyakazi. Pamba, utajiri na umaskini vilikaa mahali pamoja, vikitazamana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda kilitaifishwa na kupewa jina la Julian Marchlewski. Kikafuma nguo kwa miongo minne zaidi, nyingi zikienda Umoja wa Kisovieti. Soko hilo lilipoporomoka baada ya 1989, viwanda vya Łódź vilianguka kimoja baada ya kingine, na hiki kikafilisika katika miaka ya 1990. Eneo la hekta 27 likabaki magofu karibu kabisa na kitovu cha mji.

Kampuni ya Ufaransa, Apsys, ndiyo iliyobeba mradi wa kulifufua. Tarehe 17 Mei 2006 eneo hilo lilifunguliwa kwa jina la Manufaktura. Maduka mengi yaliwekwa ndani ya jengo jipya la vioo na chuma, na majengo ya matofali yakagawiwa migahawa, sinema, jumba dogo la makumbusho ya kiwanda na, kuanzia 2008, tawi la Jumba la Sanaa la Łódź liitwalo ms2, lililowekwa katika jengo la kufumia. Katikati kuna uwanja wa hekta zipatazo tatu.

Mwaka 2009 jengo la kusokota nyuzi lilifunguliwa kama hoteli ya nyota nne yenye vyumba 278. Kazi iliyofanyika humo inastahili kutazamwa kwa karibu. Nguzo za chuma zilizobeba uzito wa mashine zimeachwa wazi, na dari za matofali zilizopinda kati ya nguzo hizo zimesafishwa bila kufunikwa. Sakafu za ghorofa zimetobolewa ili mwanga wa jua ushuke kutoka paani hadi ndani kabisa ya jengo ambalo upana wake ulikusudiwa mashine na si watu. Juu paani, tangi la chuma lililohifadhi maji ya kuzimia moto, hatari kubwa katika kiwanda kilichojaa vumbi la pamba, limefanywa bwawa la kuogelea. Hapa wasanifu walisoma jengo kwa makini, na kila walichokikuta wakakitafutia kazi mpya bila kukifuta.

Kilichohifadhiwa na kilichoachwa

Kwa kipimo cha uhifadhi wa majengo, Manufaktura imefaulu. Imerudisha watu katika eneo lililokufa na imeonyesha kwamba matofali ya karne ya 19 yanaweza kubeba biashara ya karne ya 21. Lakini kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu tatu.

Kwanza ni kumbukumbu. Mnamo Desemba 1970 serikali ya Poland ilipandisha bei za vyakula, na wafanyakazi wa miji ya pwani walipoandamana walipigwa risasi, makumi wakafa. Uongozi wa chama tawala ukabadilishwa, bei zikabaki pale pale. Tarehe 10 Februari 1971 wafanyakazi wa nguo wa Łódź waligoma, na kiwanda cha Marchlewski kilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Wengi wao walikuwa wanawake, waliosimama kwenye mashine kwa zamu za usiku kisha wakapanga foleni za chakula mchana. Waziri Mkuu Piotr Jaroszewicz alilazimika kwenda Łódź mwenyewe kuzungumza nao, na tarehe 15 Februari serikali ikafuta ongezeko la bei. Wanawake hao walipata bila silaha kile ambacho damu ya pwani haikukipata. Kwa hiyo historia ya mahali hapa ina sura mbili, ya tajiri aliyejenga na ya wanawake walioilazimisha dola kurudi nyuma. Biashara ya hoteli na maduka huelemea sura ya kwanza, maana kasri na utajiri huuzika kwa urahisi kuliko mgomo.

Pili ni mipaka ya manufaa. Nyumba za wafanyakazi zilizo ng'ambo ya Ogrodowa ziliendelea kuwa chakavu kwa miaka mingi baada ya maduka kufunguliwa. Mgeni wa hoteli na mpangaji wa nyumba hizo walitenganishwa na upana wa mtaa mmoja tu. Uwekezaji ulikomea kwenye mpaka wa hatimiliki, ingawa kiwanda chenyewe hakikuwahi kukomea hapo: kilikuwa ni mashine pamoja na watu waliolala ng'ambo ya barabara.

Tatu ni umiliki wa nafasi ya pamoja. Uwanja wa Manufaktura unafanana na uwanja wa mji, lakini ni mali binafsi, na mwaka 2012 kituo cha maduka kiliuzwa kwa kampuni ya Union Investment ya Ujerumani. Wakati huohuo Piotrkowska, mtaa mkuu wa Łódź wenye urefu wa zaidi ya kilomita nne, ulipoteza wateja wengi waliohamia kwenye maduka mapya. Mji ulijikuta ukilazimika kutumia fedha za umma kuufufua mtaa wake wa kihistoria, huku kodi za pango za uwanja mpya zikienda kwa mwenye hati.

Mumbai: haki iliyoyeyuka ndani ya kanuni

Wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kutambulishwa kwa nguo za Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa zamani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kuvuruga biashara ya nguo za merikani, viwanda vya Bombay vilizidi kuteka soko la nguo za bei nafuu la Zanzibar na bara. Viwanda hivyo vilikuwa Girangaon, eneo la katikati ya mji ambalo jina lake kwa Kimarathi lamaanisha kijiji cha viwanda.

Mnamo Januari 1982, wafanyakazi wapatao 250,000 waligoma chini ya uongozi wa Datta Samant. Mgomo ulidumu zaidi ya mwaka na ukavunjika bila ushindi, na viwanda vingi havikufunguliwa tena kikamilifu. Zikabaki takriban ekari 600 katika mji ambao ardhi yake ni miongoni mwa ghali zaidi duniani.

Mwaka 1991 mamlaka zilitunga Kanuni ya 58 ya udhibiti wa uendelezaji. Mmiliki aliyetaka kubadilisha matumizi ya ardhi ya kiwanda angeigawa, kwa kiasi kikubwa, katika mafungu matatu: moja kwa manispaa kwa ajili ya viwanja vya wazi, moja kwa mamlaka ya nyumba za wananchi, na la tatu kwake. Hapo haki ya umma ilikuwa imeandikwa kwa hesabu iliyo wazi. Mwaka 1996 kamati iliyoongozwa na msanifu Charles Correa ilipendekeza mpango wa pamoja kwa eneo lote. Haukutekelezwa.

Mwaka 2001 kanuni ilirekebishwa. Mgawanyo sasa ungehusu tu sehemu ya ardhi isiyokuwa na majengo. Kwa kuwa mabanda ya mashine yalifunika sehemu kubwa ya viwanja, mafungu ya manispaa na ya nyumba yalipungua mno. Wanaharakati wa mazingira walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Bombay ikawapa haki. Lakini Machi 2006, miezi miwili kabla ya Manufaktura kufunguliwa, Mahakama ya Juu ya India iliyathibitisha marekebisho. Leo kwenye uwanja wa Phoenix Mills huko Lower Parel kuna maduka ya kifahari na hoteli, na dohani ya zamani imeachwa kama pambo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mumbai inatufunza kwamba hata yenye daftari hupotea, ikiwa kalamu ya kulirekebisha imeachwa mikononi mwa wenye haja nayo. Majengo mengi yalikwenda, ardhi ya umma ikapungua, na wafanyakazi wakaachwa wakigombea nyumba kwa bahati nasibu katika fungu lililosalia.

Hoja ya mwekezaji

Kuna pingamizi zito dhidi ya msimamo huu. Bila mwekezaji, hoja hiyo inasema, majengo huanguka na ardhi hukaa bure. Masharti mengi humfukuza mwenye mtaji, na mji hubaki na magofu na hasira. Łódź ya miaka ya 1990 ni ushahidi wa hofu hiyo.

Pingamizi hilo lina ukweli, lakini linathibitisha jambo moja tu, kwamba mtaji unahitajika. Halithibitishi kwamba mtaji lazima uondoke na ongezeko lote. Kanuni ya 1991 ilimwachia mmiliki wa Mumbai theluthi ya ardhi katika soko ghali kupindukia, na hiyo si hasara. Aidha, biashara si chanzo pekee cha fedha. Mjini São Paulo, kiwanda cha zamani cha mapipa kiligeuzwa na msanifu Lina Bo Bardi kuwa SESC Pompeia, kituo cha utamaduni na michezo kilichoanza kutumika 1982. SESC huendeshwa kwa tozo ya asilimia 1.5 ya mishahara inayolipwa na makampuni ya biashara. Kwa hiyo mkazi wa kawaida husoma, hucheza na hula humo bila kulazimika kuwa mteja wa duka.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Kwetu suala hili limekwisha kufika. Tangu ubinafsishaji wa mashirika ya umma wa miaka ya 1990, viwanda kadhaa vimekaa kimya au vimegeuzwa maghala, huku miji ikivizunguka na bei za viwanja zikipanda. Kabla ya kuchora hoteli, swali la kwanza liwe kama uzalishaji umekufa kweli. Rivatex ya Eldoret ilikuwa imefungwa; Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya ikiwa na mashine mpya. Kiwanda kinachoweza kufufuka kisiuzwe kwa bei ya kiwanja.

Pale uzalishaji umekufa kabisa, sheria inatupa silaha ambayo Łódź haikuwa nayo. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mwenye hati anayo haki ya kuitumia kwa masharti, na kubadilisha matumizi kunahitaji kibali. Kibali hicho ndicho mahali pa kudai fungu la umma. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, uwiano wa mgawanyo uwekwe ndani ya sheria ya Bunge, usiachwe kwenye kanuni inayorekebishwa ofisini. Pili, uhesabiwe kwa eneo lote la hati, yakiwemo majengo, ili mwanya wa 2001 usijirudie hapa. Tatu, madai ya mishahara na mafao ya waliokuwa wafanyakazi yamalizwe kabla ya kibali kutolewa, na nyumba zao zihesabiwe kuwa sehemu ya mradi. Nne, viwanja vya wazi vibaki mikononi mwa halmashauri, na simulizi za wafanyakazi zirekodiwe wakiwa hai, zikiwemo za migomo yao.

Hitimisho

Ugeuzaji wa kiwanda kuwa maduka na hoteli si dhambi, na mara nyingine ndiyo njia ya kuyaokoa majengo. Łódź imethibitisha kwamba jengo linaweza kuokolewa kwa ustadi mkubwa huku haki ya waliolitumikia ikiachwa nje ya uzio. Mumbai imethibitisha kwamba haki hiyo inaweza kuandikwa, kisha ikafutwa kwa marekebisho ya sentensi chache. Sisi bado tuna nafasi ya kuiandika mapema na kuilinda. Nafasi hiyo ina muda wake, kwa sababu kila kibali kinachotolewa bila sharti hugeuka kuwa haki ya mwekezaji, na hakuna mahakama itakayoirudisha kwa wepesi. Wabunge, wapangaji miji na vyama vya wafanyakazi wanapaswa kulifanya suala hili kuwa lao sasa, viwanja hivyo vikiwa bado na nyasi.