Stephen Hopkins Alitoka Kijiji Gani?

Kwa miaka mingi, vitukuu na vilembwe wa Stephen Hopkins, mmoja wa abiria wa meli ya Mayflower waliofika Plymouth, Amerika, mwaka 1620, waliandika kwamba babu yao alizaliwa Wotton-under-Edge, Gloucestershire, na kwamba mke wake wa kwanza aliitwa Constance Dudley. Ushahidi wao ulikuwa mwembamba. Kule Wotton alibatizwa mtoto aitwaye Stephen Hopkins mwaka 1581; jina lililingana, wakaridhika. Kuhusu Dudley hakukuwa na hati yoyote.

Mwaka 1998 mtafiti Caleb Johnson alichapisha alichokikuta kwenye daftari la kanisa la Hursley, Hampshire. Tangu 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, kila parokia ya Uingereza ilitakiwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Hursley waliandika watoto wa Stephen Hopkins: Elizabeth, Machi 1604, Constance, Mei 1606, Giles, Januari 1608. Constance na Giles ndio hasa watoto wakubwa waliopanda Mayflower na baba yao! Mama yao aliitwa Mary, akazikwa hapo hapo Mei 1613.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi daftari hilo linavyoshikana na kisa cha Bermuda. Mwaka 1609 Hopkins alikuwa ndani ya Sea Venture, meli iliyokuwa ikienda Virginia, dhoruba ikaitupa visiwani. Akadai kwamba meli ilipovunjika, mamlaka ya gavana nayo yalikoma. Akahukumiwa kifo kwa uasi. William Strachey, aliyekuwa miongoni mwa manusura, anasimulia jinsi Hopkins alivyolia akiomba ahurumiwe kwa ajili ya mkewe na watoto, hata wakubwa wakamwombea, akasamehewa. Sasa tunawajua aliokuwa akiwalilia: Mary, na watoto wadogo waliobaki Hursley.

Aliporudi Uingereza alikuwa mjane. Mwaka 1618 akamwoa Elizabeth Fisher huko Whitechapel, London, na ndiye aliyejifungua mtoto Oceanus katikati ya bahari.

Baada ya ugunduzi wa Hursley, ulipatikana ubatizo wa Stephen mwenyewe: Upper Clatford, Hampshire, Aprili 30, 1581, mwana wa John Hopkins. Wanaoendelea kunakili Wotton na Dudley kwenye nasaba zao wafute.